Kamera imegoma, mbweha haonekani: utatuzi wa matatizo ya kupiga picha Hornstrandir wakati wa baridi

Hornstrandir ni rasi iliyo kaskazini-magharibi mwa Iceland, kusini kidogo tu ya Mzingo wa Aktiki. Wakazi wake wa kudumu walimaliza kuhama miaka ya 1950, eneo likafanywa hifadhi mwaka 1975, na leo mwenyeji wa huko ni mbweha wa Aktiki. Kiswahili kinamwita jina moja na yule wa Serengeti, ila huyu ana kilo tatu hadi tano tu, masikio mafupi, na manyoya mpaka chini ya nyayo.

Nimekwenda huko kila mara mwezi Machi, na tangu hapo kila rafiki anayefunga safari hiyo hunirudia na malalamiko yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida zaidi inatangulia, na ukaguzi usiohitaji kifaa unatangulia ule unaohitaji fundi. Utaona jambo moja linajirudia: watu huilaumu baridi, kumbe mkosaji ni joto. Joto la jikoni, la pumzi, la kiganja. Na kumbuka Hornstrandir si Siberia. Bahari iko karibu, kwa hiyo kipimajoto huchezacheza karibu na sifuri, theluji huwa mbichi na upepo una chumvi. Kwa kamera, hali hiyo ni mbaya kuliko baridi kali iliyo kavu.

Kamera imezimika ilhali betri ilikuwa imejaa

Karibu kila mara betri imepoa tu. Kemikali za betri ya lithiamu hufanya kazi kivivu penye baridi: umeme umo, lakini hautoki kwa kasi ambayo kamera inataka. Itoe, iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, tumia ya pili. Baada ya dakika ishirini hivi ile ya kwanza itasoma tena. Nimeona watu wakizitupa chini ya begi wakidhani zimekwisha, kisha jioni wanashangaa kuzikuta na nusu ya chaji.

Kama hata betri yenye joto inaisha upesi, zima Wi-Fi, GPS na ile tabia ya kamera kuonyesha kila picha baada ya kupigwa. Halafu angalia miguso ya shaba kwenye betri. Ikiwa na unyevu au ukungu mweupe wa chumvi, ifute kwa kitambaa kikavu. La mwisho ni betri za bei rahisi zisizo za kampuni iliyotengeneza kamera: nyingi hudanganya kuhusu chaji hata Dar, sembuse huko.

Simama hapa: usichaji betri ambayo bado ni baridi chini ya sifuri, maana inaharibika ndani moja kwa moja. Ingoje ifikie joto la chumba. Na betri iliyovimba isirudi tena kwenye kamera, wala kwenye chaja, wala kwenye ndege.

Ukungu au barafu kwenye lenzi

Aliyewahi kupiga picha Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar anaujua ugonjwa huu, ila kinyumenyume. Unatoka chumba chenye kiyoyozi, unaingia kwenye hewa nzito ya nje, lenzi inafunga ukungu na bibi harusi anapita bila picha. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huacha maji juu yake. Kwetu ukungu unakupata ukitoka. Iceland unakupata ukiingia, kwa sababu jiko dogo lenye sufuria ya supu inayochemka na soksi za watu saba zinazokauka lina unyevu usiopungua wa Kariakoo mwezi wa nne.

Safari yangu ya kwanza niliingia jikoni na kamera shingoni, nikitaka kuwaonyesha wenzangu picha za asubuhi. Dakika moja haikupita, kamera nzima ilikuwa imelowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ningetulia hapo, ingekauka yenyewe. Lakini mtu alipiga kelele kwamba mbweha yuko mlangoni, nami nikatoka mbio. Maji yakaganda palepale yalipokuwa: kwenye vitufe, kwenye pete ya lenzi, ndani ya shata, yale mapazia yanayofunguka na kufunga kila unapopiga. Siku mbili nilipiga picha kwa simu.

Ukiona ukungu, kwanza jua uko wapi. Washa tochi, imulike kwa pembeni ya kioo.

1. Uko nje, mbele. Ni pumzi yako au theluji iliyoyeyuka. Tumia pampu ya mpira na brashi laini. Usipulizie kwa mdomo. Utaongeza maji yaleyale unayotaka kuyaondoa. Kama imekwisha kuwa barafu, usiikwangue kwa kucha.

2. Uko kati ya kichujio na lenzi. Fungua kichujio, kiache begini. Huko kaskazini sivai kichujio kabisa. Naitegemea hudi, ule mdomo wa plastiki wa mbele.

3. Uko nyuma ya lenzi au kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ulibadilisha lenzi nje huku theluji ikianguka. Pampu ya mpira tu, ukiwa umeielekeza kamera chini. Kama punje zimegandia kwenye sensa, acha. Funga kamera mpaka jioni.

4. Uko ndani, katikati ya vioo. Hapa subira ndiyo dawa. Weka lenzi kwenye mfuko unaofungwa kwa zipu pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, kwenye joto la kawaida la chumba, siku moja au mbili. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, usiiweke juu ya hita, na usiizike kwenye mchele kwa sababu utaongeza vumbi juu ya tatizo.

Wakati wa kumtafuta fundi: ukungu wa ndani haujaondoka baada ya siku mbili, au kamera imeingia maji ya bahari. Kwa maji ya bahari usingoje hata saa moja. Toa betri, usijaribu kuiwasha "kuona kama iko salama", na isifike nyumbani bila fundi kuiona. Chumvi inakula saketi hata baada ya maji kukauka.

Kinga yake ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau. Kabla ya kuingia ndani, ukiwa bado nje, toa kadi na betri, weka kamera kwenye mfuko na uufunge. Umande utatua juu ya mfuko, hautaigusa kamera. Fungua baada ya saa mbili tatu, mfuko ukishakauka kwa nje. Au iache kamera usiku kucha kwenye kibaraza kisichopashwa joto. Haitaumwa.

Picha si kali, ingawa kamera ilisema fokasi imeshika

Anza na kasi ya shata. Mbweha huonekana mtulivu kwa sababu ni mdogo na yuko mbali, lakini huyu mnyama haachi kutembea, na mwendo wake ni wa mchakamchaka. Akitembea nataka 1/1000 ya sekunde, akikimbia 1/2000. Panda ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila huruma. Chembechembe za ISO zinasafishika baadaye, mtikisiko hausafishiki.

Ikiwa shata ilikuwa ya kasi na bado picha ni laini, shuku hewa. Hili ndilo jambo linalowapita hata wapiga picha wazoefu. Lenzi kubwa iliyotoka ndani ina joto kama jiwe la ukutani jioni, na joto hilo huchanganyika na hewa baridi palepale mbele ya kioo. Hudi inalifungia humo. Matokeo yake unapiga picha kupitia mvuke usiouona. Namna ya kuhakikisha: kuza picha kwenye skrini ya kamera kabla hujapiga, umlenge mbweha au hata jiwe. Ikiwa kingo zinacheza kama lami ya Chalinze saa saba mchana, ni joto. Toa hudi, iache lenzi nje dakika thelathini hadi arobaini, jaribu tena. Ukipiga kupitia dirisha lililofunguliwa la nyumba yenye joto utapata ugonjwa uleule, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa; toka nje. Vivyo hivyo ukiwa kwenye boti, jitenge na moshi wa injini.

Wakati mwingine mvuke huo haumo kwenye lenzi bali uko juu ya bahari yenyewe, ambayo ina joto kuliko hewa. Hapo hakuna dawa zaidi ya kupunguza umbali, yaani kulala chini na kumngoja aje.

Sababu ya tatu ni theluji inayoanguka. Fokasi inadaka punje iliyo karibu na kumwacha mbweha nyuma. Lenzi nyingi ndefu zina swichi ya kuzuia fokasi isitafute karibu, itumie. Chagua nukta ndogo ya fokasi badala ya eneo pana. Mfumo wa kutambua jicho la mnyama husaidia sana mbweha mweupe akitazama kwako, kwani macho na pua yake ni doa nyeusi tatu kwenye karatasi nyeupe. Kwa mbweha wa rangi ya hudhurungi iliyokolea hupotea, hasa akiwa kwenye mwani, na hapo narudi kwenye nukta moja na kidole changu.

Upepo unaotikisa tripodi ni wa nne. Ishushe hadi chini kabisa, au iache ulale kifudifudi na lenzi juu ya begi.

Ukishapita hayo yote, fanya jaribio: mahali pasipo upepo, kamera kwenye tripodi, lenga kitu kisichotembea, piga picha kumi. Zikikosea zote kwa kiasi kilekile, mbele au nyuma ya ulipolenga, lenzi imepoteza vipimo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Bisibisi yako iache kwenye kisanduku chake.

Theluji imetoka ya kijivu, mbweha ametoka kivuli

Kamera hudhani kila ulichokilenga kina mwanga wa wastani, kwa hiyo ukiipa uwanja mweupe inautia giza. Ongeza mwanga kwa kitufe cha + na −: nyongeza ya moja hadi mbili kwa mandhari ya theluji tupu. Kisha angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kutoka giza (kushoto) hadi weupe (kulia), usiamini picha ya kwenye skrini, kwa sababu kwenye mng'ao ule inadanganya. Mlima wa histogramu uwe upande wa kulia bila kugonga ukuta.

Sasa kuna kitendawili cha Hornstrandir. Mbweha wa Aktiki wana rangi za aina mbili: wale wanaogeuka weupe majira ya baridi, na wale wanaoitwa wa buluu, ambao hubaki hudhurungi mwaka mzima. Pwani za magharibi mwa Iceland wengi ni hawa wa pili. Mtu anakuja na picha ya kadi ya Krismasi kichwani, anakutana na mnyama wa rangi ya kahawa, na kamera yake imewekwa kwa ajili ya mweupe. Kwa mbweha wa kahawa juu ya theluji, tumia RAW, faili ghafi ya kamera inayorekebishika zaidi baadaye, piga picha za majaribio, na ukubali theluji iungue kidogo, yaani iwe nyeupe tupu, ili manyoya yapate maelezo. Mimi napenda hawa zaidi. Kwenye theluji wanaonekana kama wino.

Theluji ikiwa ya bluu, ni kivuli tu chini ya anga wazi. Rekebisha rangi baadaye, ila usiiondoe bluu yote. Baridi nayo ina rangi yake.

Skrini imepooza, vitufe vigumu, tripodi haifungi

Skrini inayochelewa ni majimaji yake yamekuwa mazito. Itarudi ikipata joto. Vitufe vigumu ni barafu: usivilazimishe. Miguu ya tripodi iliyoganda ilikuwa na maji ndani toka jana. Kila jioni ivute yote, ikaushe, na kama iligusa bahari isuuze kwa maji matamu. Chuma kitupu usikishike kwa mkono mtupu.

Ujumbe wa hitilafu ya shata ni suala jingine. Zima, washa mara moja. Ujumbe huo ukirudi, acha kupiga: pengine kuna barafu kwenye mapazia ya shata, na kila jaribio linaweza kuyakunja.

Kadi inasema ina kosa

Toa, futa miguso, rudisha. Ikikataa, usiifomati na usiandike chochote juu yake. Iweke kando mpaka mjini. Picha nyingi huokolewa na programu au fundi iwapo hakuna kilichoandikwa juu yake.

Siku tatu, na mbweha haonekani

Kwanza, je, uko ndani ya hifadhi? Nje ya mipaka yake mbweha huwindwa sehemu kubwa ya Iceland; wakulima wamepigana naye kwa karne nyingi na wawindaji hulipwa. Mbweha wa huko akimwona mtu hutoweka, na ana haki. Ndani ya Hornstrandir uwindaji ulipigwa marufuku miaka ya 1990, na ndiyo sababu humo anaweza kukupita mita kumi bila kugeuza shingo.

Pili, maji. Hapa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana faida kuliko mpiga picha kutoka Munich. Ndege wa miamba mikubwa kama Hornbjarg, ambao ni karamu ya kiangazi, wengi wao bado wako baharini. Mbweha anakula ufukweni: kome, vijidudu vya kwenye mwani, mzoga uliotupwa na mawimbi. Kwa hiyo anafuata maji kupwa. Chukua jedwali la maji, kaa chini saa moja kabla hayajafika mwisho wa kupwa, na siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, usilale. Mgeni mmoja alikuwa akitoka kila siku baada ya kifungua kinywa, maji yamejaa hadi kwenye theluji, kisha analalamika kuwa hifadhi ni tupu.

Tatu, upepo. Ukiwa umekaa upande upepo unakotoka, amekunusa zamani. Nne, wewe mwenyewe: unatembea. Keti. Mbweha ana njia zake za kukagua eneo lake, na nyayo kwenye theluji zitakuonyesha. Kaa mita thelathini pembeni ya njia hiyo, si juu yake.

Tano ni msimu. Mji wa Ísafjörður, ambako safari nyingi za boti huanzia, hauoni jua kwa takriban miezi miwili kwa sababu ya milima. Likirudi mwishoni mwa Januari watu husherehekea kwa kahawa na chapati nyembamba. Desemba utapata mwanga wa saa chache tu. Machi mchana unakaribia saa kumi na mbili kama kwetu, na ni msimu wa kupandana, kwa hiyo wanatembea zaidi na wanaitana.

Mbweha yuko karibu mno, au anabweka

Anayekuja mwenyewe kukunusa kiatu hana tatizo. Tulia, ficha glavu, maana anaiba. Aliyelishwa na wageni waliotangulia ndiye tatizo, na usiliongeze. Usimpe hata ganda la yai.

Kubweka kwa kurudiarudia, masikio kulala nyuma, kuacha kula na kukutazama: hizo zote zina maana kwamba umevuka mpaka. Rudi nyuma polepole. Akiendelea, ondoka kabisa, kwa sababu huenda pango liko karibu. Picha ya mbweha aliyekasirika inajulikana na kila anayewafahamu.

Iceland haina kichaa cha mbwa. Ukiwapiga picha mbweha wa Svalbard au Greenland, ugonjwa huo upo huko: mbweha asiyeogopa kitu na anayeyumba ni wa kukimbiwa, na ukiumwa osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hili halina "ngoja tuone".

Vidole havisikii, au hali ya hewa imegeuka

Ncha za vidole zikiwa nyeupe na ganzi, picha zimekwisha. Ziweke kwapani. Usizisugue kwa theluji, usizisogeze kwenye moto: hazisikii, utaziunguza. Zikibaki ngumu au zikitoa malengelenge, ni daktari. Dawa ya mapema ni glavu nyembamba ndani ya zile nene, ili usibaki na ngozi tupu kila ukibadilisha kadi.

Msitari wa mlima ukianza kupotea kwenye weupe, rudini, msingoje mwanga wa mwisho. Msikae chini ya mteremko mkali uliobeba theluji, hata kama mbweha yuko hapo. Mwaka 1995 maporomoko ya theluji yaliua watu 14 Súðavík na 20 Flateyri, vijiji vya eneo hilohilo la fiyodi (ghuba nyembamba kati ya milima) za magharibi, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Na kiongozi akisema kuna dubu wa barafu, mjadala haupo. Huja mara chache sana, lakini Septemba 2024 mmoja alifika Jökulfirðir, karibu kabisa na nyumba.

Simu mara nyingi haishiki mtandao humo, kwa hiyo bebeni kifaa cha setilaiti au redio, na mwachieni mtu ratiba kabla ya kupanda boti. Mwenzenu aliyekuwa akitetemeka akaacha, anayeongea kama mlevi au anayeshindwa kufunga zipu, mwili wake unapoteza joto kwa hatari. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mfunikeni, msimkimbize wala msimsugue. Pigeni 112, namba ya dharura, au bonyezeni SOS kwenye kifaa cha setilaiti, kisha kaeni mahali pamoja mpaka waokoaji wafike. Kamera iacheni nje ya mlango, ndani ya mfuko wake.